Picha za Brussels Zilizofika Karema

Pale Kaliua reli hugawanyika. Mabehewa ya Kigoma huendelea magharibi, ya Mpanda hukata kusini na kuingia miombo, na kwa saa nyingi dirishani huoni ila miti, vichuguu na mizinga ya nyuki iliyotundikwa matawini. Tawi hili la reli lina urefu wa kilomita 210. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, ambayo kampuni ya Uruwira Minerals ilihitaji kuyafikisha bandarini. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na watu walioletwa na reli nao wakabaki, wakaoa, wakajenga, wakazikwa huko.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akasomeshwa madarasa machache na mapadri wa misheni, na aliposikia kwamba Mpanda kuna kazi ya mshahara alikwenda huko kwa miguu, akaandikishwa kwenye genge la reli. Baba alizaliwa Mpanda. Alisoma, akawa mganga, na mwaka 1987 akapelekwa Antwerp, Ubelgiji, kuongeza elimu ya magonjwa ya nchi za joto. Agosti ya mwaka uliofuata mama alimfuata kwa likizo akiwa na sisi watoto. Ndiyo likizo pekee ya ng'ambo ambayo familia yetu iliwahi kuipata, na ndiyo iliyozaa picha nilizokuwa nazo mkobani nikielekea Mpanda.

Siku hizi wasafiri wengi wa huko hupanda basi, maana lami kutoka Tabora kupitia Sikonge imeifupisha safari. Mimi nilipanda treni kwa sababu ya babu. Nilitaka picha za mwanawe akiwa Ulaya zipite juu ya reli aliyoitolea jasho yeye.

Aliyeziitisha picha hizo ni shangazi. Baba amekwisha kufariki, na shangazi ndiye aliyebaki peke yake kati ya watoto wa babu. Alinipigia simu akasema, "Mwanangu, niletee picha za kaka yangu nizione, macho yangu yanaanza kufunga." Nikamwambia nitamtumia kwenye simu ya mjukuu wake leo hii. Akakataa. Alitaka za kushika mkononi, za kuweka chini ya mto. Nikazichukua negativu kwenye kabati la mama, nikazipeleka studio Kariakoo, wakanisafishia nakala mpya, kubwa kidogo kuliko zile za mwanzo. Zile za mwanzo, kama picha nyingi za rangi za miaka ile, zimekwisha kuwa nyekundu, uso wa kila mtu umekuwa na rangi ya matofali.

Karibu zote zilipigwa mahali pamoja: Grand-Place, uwanja mkuu wa zamani wa Brussels. Baba alitushusha kwenye treni kutoka Antwerp asubuhi, akatupeleka hapo, na hatukutoka hadi jioni. Ilikuwa majira ya zulia la maua. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, mafundi bustani wa Ubelgiji huufunika uwanja ule kwa mamia ya maelfu ya begonia, wakazipanga ua kwa ua juu ya mawe mpaka zikawa nakshi moja kubwa, na baada ya siku chache zote huondolewa. Baba alilijua hilo mapema, akapanga likizo yetu iangukie hapo hapo. Katika picha moja mama amesimama kando ya maua akiwa amevaa kitenge na koti la kuazima. Katika nyingine baba ameninyanyua mabegani nione, na nyuma yetu unapanda mnara wa ukumbi wa mji, mita 96, na juu yake kabisa Mtakatifu Mikaeli anamkanyaga shetani.

Uwanja ule umepitia moto. Mwaka 1695 jeshi la Louis wa 14, Mfalme wa Ufaransa, liliupiga mji kwa mizinga, na sehemu kubwa ya uwanja ikateketea. Vyama vya mafundi na wafanyabiashara, waoka mikate, washonaji, wauza nyama, watengeneza pombe, mabaharia wa mitoni, vikajenga upya nyumba zao ndani ya miaka michache, kila kimoja kikitaka nyumba yake impite jirani kwa dhahabu na sanamu. Ndizo zinazoonekana leo. Mwaka 1998 UNESCO iliuingiza uwanja huo katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumbani kwetu Dar es Salaam historia hiyo haikuwa na maana yoyote. Picha zilikuwa za "Ulaya", basi, zilitolewa wageni walipokuja na kurudishwa kabatini walipoondoka.

Tulivuka Mto Ugalla gizani. Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania, wachuuzi walizonga madirisha ya treni kwa ndizi na mihogo. Baada ya hapo si mbali tena.

Mpanda ulikuwa mji wa wilaya, pembezoni mwa Rukwa, hadi Katavi ilipokuwa mkoa mwaka 2012 na kuufanya makao makuu. Tangu hapo umepanuka kwa kasi: ofisi, nyumba za kulala wageni, bodaboda kila kona, Wasukuma na mifugo yao, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoingia na kutoka. Wageni wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi hulala hapa usiku mmoja, kesho yake wakashika njia ya Sitalike, ambako viboko unawaona kwenye daraja la mtoni kabla hata hujaingia hifadhini. Wachache huuliza habari za mji wenyewe. Ningependa waulize.

Shangazi anakaa Makanyagio. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mikono yote miwili na kuitazama kwa muda kana kwamba anatafuta mikono ya mtu mwingine. Baada ya chakula akatandika mkeka uani, akatuma watoto kwa majirani. Kufumba na kufumbua kina mama walikuwa wamejaa, na mimi nikaanza kutoa picha moja moja, zikapita mkono kwa mkono.

Sikuwa nimetazamia watakachokiona. Niliwaeleza habari za mnara, wakaitikia kwa adabu. Niliwaeleza kwamba maua yale yote hutupwa baada ya siku chache. Hapo wakaguna, na mmoja akauliza nani analipwa kwa kazi ya namna hiyo. Jirani mwingine alitaka kujua wenye nyumba zile wanaanika nguo wapi. Shangazi hakusema neno. Alikuwa ameishika picha ya mama kando ya maua, ameisogeza karibu kabisa na jicho la kulia.

"Kitenge hiki nilikitoa mimi," akasema.

Kisha akasimulia. Miaka ile vitenge vizuri vilitoka Zaire. Mfanyabiashara mmoja wa Karema alivuka ziwa hadi Kalemie, akarudi na robota, na shangazi akachukua jozi moja kwa deni la magunia mawili ya mpunga. Wifi yake alipokuwa anajiandaa kwa safari, shangazi alikitoa sandukuni, akampelekea kwa mkono wa mfanyakazi wa reli. "Nilimwambia, ukifika huko vaa hiki, wajue ulikotoka." Mama hakuwahi kunisimulia jambo hilo, au aliwahi kusema nami nikiwa mdogo sikusikiliza. Kwa zaidi ya miaka 30 nimeitazama picha ile nikiangalia maua.

Halafu shangazi akaleta picha zake. Zilikuwa kwenye bati la biskuti, chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za kodi ya kiwanja. Moja ilipigwa studio hapa Mpanda, yeye na mumewe wamesimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Nyingine, ndogo, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mchwa: wanaume wamejipanga mbele ya behewa, vifua wazi, nyundo begani, na pembeni Mzungu mwenye kofia. Wa pili kutoka kushoto ni babu. Sikuwahi kuiona picha hiyo. Katika familia yetu ya Dar tulikuwa tunasema babu hana picha ya ujana.

Shangazi aliweka kidole juu ya kila mwanamume. Huyu Mfipa wa Namanyere. Huyu Muha, alikufa kwa kuumwa na nyoka relini. Huyu Mnyamwezi, ndiye aliyemtafutia babu kiwanja. Huyu alikuwa mchekeshaji, watoto walimpenda, aliondoka mgodi ulipofungwa na habari zake hazikusikika tena. Wote aliwataja kwa majina, isipokuwa Mzungu. Nyuma ya picha hapakuwa na neno. Nikaomba penseli kwa mtoto wa shule, nikaandika majina yale nikiyasoma kwa sauti ili shangazi anisahihishe, na alinisahihisha mara nyingi. Yule mtoto aliyeniazima penseli, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ndiye aliyeuliza swali ambalo watu wazima hatukuliuliza: "Kwa nini Ubelgiji? Sisi tulitawaliwa na Mjerumani na Mwingereza."

Pale mkekani nilimjibu kwa ufupi. Hapa nitamjibu anavyostahili.

Septemba 1876, katika ikulu ya Brussels, ambayo kutoka Grand-Place unaifikia kwa miguu, Mfalme Leopold wa Pili aliwaalika wapelelezi na wanajiografia wa Ulaya kujadili Afrika ya kati. Hakuna Mwafrika aliyealikwa. Waliondoka wakiwa wameunda Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho kwa maneno ya mfalme mwenyewe kilikuwa cha kisayansi na cha kupinga biashara ya utumwa, na kikaamua kufungua vituo kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kuelekea bara. Kituo cha kwanza kuanzishwa na Wabelgiji wa chama hicho kilikuwa Karema. Kapteni Cambier alifika hapo Agosti 1879. Kabla Leopold hajawa na Congo, alikuwa na Karema. Boma lililojengwa likaitwa kwa jina lake, Fort Léopold. Kijiji alichozaliwa babu yangu kilikuwa kwenye ramani za Brussels miaka mingi kabla ya Mpanda kuwepo.

Mwaka huo huo Leopold aligharamia jambo ambalo wazee wa Katavi wangepaswa kulisimulia kwa wajukuu. Aliagiza tembo wanne kutoka India, waliofunzwa kazi, pamoja na wachungaji wao. Walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, mahali ambapo leo watu wanakunywa kahawa wakitazama bahari. Kiongozi wa msafara alikuwa Mwairishi aitwaye Carter. Shabaha ilikuwa kuwafikisha Karema, wawe walimu: tembo wa India wasaidie kuwakamata na kuwafuga tembo wa Afrika, na mizigo iliyokuwa inabebwa vichwani mwa wapagazi ihamie migongoni mwa wanyama. Walikatiza Ugogo na Unyamwezi. Njiani wakafa mmoja baada ya mwingine. Jike mmoja tu, Pulmalla, alifika Karema, Desemba 1879, na haikuchukua muda naye akafa.

Carter mwenyewe alianza safari ya kurudi pwani pamoja na Mwingereza Cadenhead. Juni 1880 walikuwa Pimbwe, katika eneo ambalo sasa ni Halmashauri ya Mpimbwe, jeshi la Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, lilipoushambulia mji huo. Wote wawili waliuawa. Shule ya tembo ikafia hapo. Ukienda leo Hifadhi ya Katavi, kilomita za mraba 4,471, utawaona wajukuu wa wale tembo ambao hawakupata kufunzwa kubeba mizigo ya mfalme. Natamani pawepo kibao Msasani, na kingine Karema.

Yule mwanafunzi alinisikiliza hadi mwisho, akaichukua picha ya baba na mnara, akaitazama upya. Shangazi akasema, "Basi zipeleke Karema, nako wazione."

Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100. Unapita mashamba ya mahindi na mpunga, halafu vilima vya miombo, vumbi jekundu likakuingia hadi kwenye meno, na ukishapanda kilima cha mwisho ziwa linajitokeza lote kwa pamoja. Siku ya hewa safi unaiona milima ya Congo ng'ambo. Serikali imejenga bandari mpya Karema, ikitazamia mizigo ya Kalemie, na pamoja na hayo kijiji bado kinaishi kwa migebuka na dagaa. Zamani meli ya MV Liemba ilipofika ilisimama mbali, abiria wakashuka kwa mitumbwi huku mizigo ikirushwa juu ya vichwa. Babu alilisimulia hilo mara nyingi.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa ukoo wa bibi, fundi wa mitumbwi na maboti ambaye sasa mikono imemchoka. Nilipomwamkia aliniuliza kwanza habari za kila mtu, hai na marehemu, ndipo akanikaribisha kiti. Nilimpa picha. Alizipitia taratibu, akazirudia, akasimama kwenye moja ambayo kwetu haikuwa na thamani, kwa kuwa ndani yake hakuna mtu wa familia. Baba alikuwa amepiga safu ya nyumba tu, labda kumaliza filamu.

"Hii nyumba imejengwa na watu wa majini," akasema.

Nikamuuliza ameijuaje. Akanionyesha sehemu ya juu ya ukuta wa mbele, chini ya paa. "Hii ni tezi. Tezi ya chombo kikubwa. Tazama inavyopanuka, tazama madirisha yake. Fundi huyu alijua kuunda."

Na ni kweli. Nyumba ile ni ya chama cha mabaharia wa mitoni, Le Cornet, na kilele chake kimechongwa kwa umbo la tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya merikebu ya karne ya 17. Watalii huambiwa hivyo na viongozi wao, wenye vitabu. Mzee huyu, ambaye hajavuka ziwa zaidi ya Kalemie na Moba, aliitambua kwa ufundi wake, kwenye picha aliyoshika chini ya mwembe wa Karema. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kwa miaka yote tuliyowaonyesha wageni picha hizi tuliamini sisi ndio tunaowafunulia jambo.

Jioni alinitembeza. Alinionyesha bonde lililo kati ya misheni na ufuko, akasema wazee wake walisema maji yalikuwa yanafika huku juu. Vitabu vinakubaliana naye. Cambier alipofika ziwa lilikuwa juu sana. Wakati huo huo maji yalikuwa yamepata njia ya kutoka kwa Mto Lukuga, upande wa Congo, na miaka iliyofuata yakashuka kwa mita nyingi. Kituo kilichokusudiwa kiwe cha ufukweni kikajikuta kimeachwa nchi kavu, mbele yake tope. Mpelelezi Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1880, hakupasifu hata kidogo. Kapteni Ramaeckers, aliyemrithi Cambier, alikufa hapa mwaka 1882.

Aliyefuata ni Émile Storms, na habari yake sikuweza kuimaliza bila sauti kubadilika. Kutoka Karema alivuka ziwa, akaanzisha kituo cha Mpala mwaka 1883, na akataka machifu wa ng'ambo wamtambue kuwa mkubwa wao. Chifu Lusinga alikataa. Desemba 1884 Storms alituma watu, Lusinga akauawa, kichwa chake kikakatwa. Storms alilichukua fuvu hadi Ubelgiji, na likaishia katika makabati ya Taasisi ya Sayansi Asilia ya Brussels. Sanamu ya ukoo ya Lusinga imo katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, pamoja na nyaraka za Storms. Naye Storms alichongewa sanamu ya kichwa, ikawekwa katika bustani ya Square de Meeûs mjini Brussels. Ilikaa hapo miaka mingi. Ilikuwepo Agosti 1988, wakati baba anatafuta mahali pazuri pa kutupiga picha. Iliondolewa Juni 2022.

Mzee alisikiliza, akauliza jambo moja tu: "Fuvu limerudishwa?" Nikamwambia sijasikia kwamba limerudishwa. Tukatembea kimya hadi kwenye kanisa.

Mwaka 1885, baada ya mkutano wa Berlin, Leopold alikuwa ameelekeza macho yote Congo, na Karema akawaachia Mapadri Weupe. Waliingia ndani ya boma lile lile, kuta za askari zikawa kuta za misheni. Mwaka uliofuata alifika Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa amemtumikia Papa kama askari, kuwalinda dhidi ya wawinda watumwa, kisha naye akahamia ng'ambo. Na mwaka 1889 alifika kijana Mwafrika aliyeutikisa ukanda huu kuliko makapteni wote, ingawa bunduki haikuwa kazi yake. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa, akavushwa jangwa la Sahara, mapadri wakamkomboa kwa fedha, na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, akampeleka Malta kusomea utabibu. Alitibu Karema hadi alipokufa mwaka 1956. Miaka 67 katika kituo kimoja! Mwanawe Joseph alipata upadri mwaka 1923.

Hapo mzee alikuwa na mengi kuliko mimi. Mama yake alijifungua mtoto wa kwanza chini ya uangalizi wa Atiman. Yeye mwenyewe, akiwa mdogo, alipelekwa kwake na jipu mguuni, akalipasua, akampa kipande cha sukari guru. Alinionyesha kovu. Nikamuuliza kama katika nyumba za Karema kuna picha ya Atiman akiwa na wagonjwa, au ya mabinti wa kwanza wa shirika la masista wa Maria Malkia wa Afrika, lililoanzia hapa hapa mwaka 1907. Akasema za vitabuni amewahi kuziona, za nyumbani hapana. Mapadri walipiga nyingi. Zilikwenda kwao.

Zilikwenda kwao, na hilo ndilo lililonikaa moyoni njia nzima ya kurudi Mpanda. Familia ya Mpanda ina uwanja wa Brussels kwa pande zake zote, kwa rangi, na mtoto wa shule akitaka kuuona mnara ule anaupata kwenye simu kwa dakika. Picha za Karema ya mababu zetu zipo pia: Tervuren, Roma kwenye makao ya Wamisionari wa Afrika, ndio wale Mapadri Weupe, katika maboksi yaliyopangwa vizuri. Zina tarehe, zina jina la mpiga picha. Sehemu ya waliopigwa mara nyingi imeandikwa "wenyeji" tu, au "wapagazi", au "mke wa katekista". Wanaoweza kuwataja kwa majina hawako Roma wala Tervuren. Wako Karema, Ikola, Mpimbwe na Makanyagio, wana miaka 80 na zaidi, na kila mwaka tunazika baadhi yao.

Naomba Jimbo Katoliki la Mpanda, halmashauri ya wilaya ya Tanganyika na ofisi ya mkoa wa Katavi ziandike barua kuomba nakala za picha hizo. Siku hizi nakala hutumwa bila boksi hata moja kusogezwa. Nakala zikifika zibandikwe ukumbini kwa wiki nzima, Karema kwanza, na pawe na mtu wa kuandika, ili kila mzee anayemtambua mama yake au jirani yake amtaje. Kisha majina hayo yarudishwe Roma na Ubelgiji yaandikwe kule nako. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ianze sasa.

Nawe msomaji, popote ulipo, kama una bati la biskuti au albamu yenye picha za zamani, ziwe za Brussels, za Muscat, za Tabora au za uani kwenu, keti na mtu mzima wa familia uandike nyuma ya kila picha: jina la kila mtu kuanzia kushoto, mahali, mwaka, na nguo ilitoka kwa nani. Tumia penseli laini, usikandamize; wino wa kalamu hupenya na kuharibu uso wa picha. Picha ya genge la reli sasa ina majina nyuma yake, na nakala yake nimeiacha kwa shangazi.